Mikono Arobaini ya Kushoto

Kosa lenyewe lilichukua dakika nne tu, na kila aliyekuwepo siku ile anaweza kukuonyesha mpaka leo mahali alipokuwa amesimama. Mwenye kosa alikuwa mkataji msaidizi katika karakana ya kushona sare, mwanamke wa miaka thelathini na mitano, mwepesi wa mikono na mwepesi zaidi wa ulimi. Mezani mbele yake palikuwa na tabaka arobaini za kitambaa, tayari kukatwa mikono ya makoti ya walinzi. Nyuma yake walisimama bosi na wageni wawili, wanatazama. Akawasha mashine ya kukatia, ile yenye kisu kirefu kinachopanda na kushuka, akaufuata mstari wa chaki mbio mbio, akamaliza, akageuka akitabasamu. Ndipo mpiga pasi, mtu asiyejua kunyamaza hata akiwa na tonge mdomoni, alipookota vipande viwili, akavijaribisha mwilini, akasema, "Jamani, hawa walinzi mikono yao yote iko upande mmoja?"

Kwa asiyeijua kazi hii, kitambaa kina uso na kina mgongo. Ukitaka mikono ya kulia na ya kushoto itoke kwa mkato mmoja, unatandaza tabaka uso kwa uso na mgongo kwa mgongo, mpaka juu. Ukizitandaza zote zikitazama juu, mikono inatoka ya upande mmoja tu, na hakuna fundi duniani anayeweza kuirekebisha. Haraka ya kutaka yale macho yaondoke mgongoni mwake ndiyo iliyomfanya asikague. Ikatoka mikono arobaini ya kushoto. Kuanzia saa ile jina lake la kuzaliwa likasahaulika, akawa Kushoto. Hata bosi, akipitiwa, alimwita hivyo.

Jina angelivumilia, maana na yeye alikuwa amewabandika wenzake majina mabaya kuliko hilo. Kilichomtesa ni mikono yake mwenyewe. Akiwa peke yake alikata vizuri, mkato safi. Mtu akipita tu karibu na meza, vidole vilikufa ganzi, jasho jembamba likamtoka, na mstari wa chaki ukaanza kucheza machoni. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Yeye alishtuka hata akisikia viatu koridoni. Bosi akamhamishia kwenye vifungo. Mwaka mzima akashona vifungo, yeye ambaye alizaliwa kukata.

Nyumbani nako hakukukalika. Alimfokea mumewe kwa sababu ya kikombe, akaufokea mlango kwa kufunga kwa kishindo, akamfokea wifi yake, aliyekuwa akikaa nao, kwa kupumua kwa nguvu. Wifi hakuwa mtu wa kumeza maneno. "Wifi," alimwambia jioni moja, "hivyo vifungo unavishonea kazini au unavimeza?" Kushoto akaingia chumbani akalia, kwa sababu ilikuwa kweli.

Sasa, mkataji mwenyewe wa karakana ile alikuwa Fundi Mkuu, mzee mrefu, mkavu, wa maneno machache, miaka arobaini na moja kwenye meza ileile. Alikuwa na desturi moja ambayo kila mgeni aliambiwa siku ya kwanza: Fundi Mkuu akikata, mlango wa chumba cha kukatia unafungwa. Haingii bosi, haingii mteja, haingii hata chai. Watu walisema ni heshima ya ufundi. Wengine walisema ana siri za mkato alizorithi na hataki ziibwe. Kushoto alisema ni maringo tu, lakini alilisema hilo kwa sauti ndogo, kwa sababu alimhusudu yule mzee kuliko mtu yeyote.

Fundi Mkuu alitangaza kwamba mwisho wa mwaka anapumzika. Bosi akamwita Kushoto ofisini, akafunga dirisha ili kelele za mashine zipungue.

"Mwanamke, wewe unajua kukata. Nimekuona ukidhani sikuoni," alisema. "Meza ile naitaka iwe yako. Lakini mkataji anayekufa ganzi akitazamwa sina kazi naye. Mpaka msimu ujao ukiwa hujapona, naleta mtu kutoka nje, na wewe utabaki na vifungo vyako moja kwa moja."

"Nitaponaje, bosi? Si malaria hii."

"Nimemleta mtu," alisema bosi.

Mtu mwenyewe alikuja Jumatano, baada ya chakula cha mchana, na akawa anarudi kila Jumatano. Mwanamke mfupi, mwenye viatu vya mbio na kicheko kinachosikika mpaka stoo. Alikuwa mwanasaikolojia, na kabla ya kuja kwao alikuwa akiwafunza makipa namna ya kusimama mbele ya penalti. Karakana ilimpokea kwa mdomo uliopinda. "Sisi hatujachanganyikiwa," alisema mpiga pasi. Fundi Mkuu ndiye aliyekuwa mkali kuliko wote. Alisimama mlangoni, akamtazama yule mwalimu juu mpaka chini, akasema, "Mkono wa fundi haufundishwi na maneno," kisha akaingia chumbani mwake na kufunga mlango.

Siku ile ya kwanza mwalimu aliwafundisha kupumua, na kabla ya saa kumi alikuwa ameshapewa jina: Mama Pumzi.

Kushoto alimwendea wa mwisho, baada ya wengine kutawanyika, akakaa kwenye gunia la vifungo akiwa na hasira za mtu anayelazimishwa kunywa dawa.

"Ukikosea, unajiitaje moyoni?" Mama Pumzi alimuuliza.

"Mjinga."

"Na mdogo wako akikosea hivyo hivyo, unamwambiaje?"

Kushoto akafikiri. "Nitamwambia, dada, pole. Haya, tuanze upya."

"Kwa nini mdogo wako apate dada na pole, na wewe upate mjinga?"

Kushoto alitaka kulijibu swali hilo kwa utani, kwa sababu utani hakuwahi kuukosa, lakini siku hiyo aliukosa.

"Nataka hofu iondoke," alisema hatimaye.

"Haiondoki," alisema Mama Pumzi, na akacheka kile kicheko chake. "Kipa wangu bora kuliko wote alitapika kabla ya kila mechi. Hofu ni mgeni, keshaingia. Mpe kiti. Ila usimpe mkasi."

Basi wakaanza, na hayakuwa maneno matupu kama Fundi Mkuu alivyodhani. Yalikuwa mazoezi, tena ya kuchosha. Nyayo zote mbili sakafuni, azihisi. Pumzi itoke polepole kuliko ilivyoingia, mara tatu. Ajiite dada. Kisha atamke kwa sauti kazi iliyo mbele yake, moja moja, na asiguse kisu mpaka amelitamka na kulikagua kila jambo kwa kidole. "Hofu inapenda haraka," Mama Pumzi alimwambia. "Inataka umalize upesi ili watu waondoke. Wewe ukiisema kazi kwa mdomo, huwezi kwenda mbio kuliko ulimi wako." Kushoto akasema ulimi wake unakwenda mbio sana, na wote wawili wakacheka.

Halafu kutazamwa kwenyewe, kidogo kidogo. Wiki ya kwanza alikata mabaki ya kitambaa mtu mmoja akiwa ameketi pembeni amempa mgongo. Wiki ya pili mtu huyo akageuka. Wiki ya tatu wakawa watatu. Alikata vibaya, akakata vibaya tena, akatamani kutupa mkasi dirishani, kisha siku moja akakata vizuri, mpiga pasi akiwa amesimama kiwiko kwa kiwiko naye, akitafuna karanga. Alipogundua alichofanya alipiga yowe hadi bosi akatoka ofisini akidhani kuna moto.

Nyumbani mazoezi yaliendelea juu ya meza ya chakula, kwa magazeti ya zamani. Hapo kazi ya kumsumbua alipewa wifi, na sijaona mtu aliyeipenda kazi yake namna ile. Wifi alikohoa. Wifi aligonga sufuria. Wifi aliinama mpaka pua ikakaribia gazeti, akasema, "Huo mstari umepinda, au macho yangu?" Na Kushoto, nyayo sakafuni, pumzi ikitoka taratibu, alijibu, "Dada, hayo ni macho yake. Sasa nakata kona." Mumewe aliwatazama wanawake hao wawili wakicheka mpaka wanashikilia meza, akasema haelewi kitu, lakini yaendelee hivyo hivyo. Usingizi ukamrudia Kushoto. Vikombe vikawa vikombe tu. Asubuhi moja alijikuta anaimba akifua, akanyamaza kwa mshangao, kisha akaendelea pale alipoachia.

Wiki ya nane ndipo bendi ilipoingia.

Ilikuwa bendi ya matarumbeta, wapigaji ishirini, na walitaka makoti mekundu. Kiongozi wao, jitu la kifua kipana na sauti ya kuzindua watu, aliwaletea kitambaa chake mwenyewe, sufu nzito nyekundu inayong'aa. Kiwanda kilichoifuma kilikuwa kimefungwa. Hapakuwa na mita nyingine ya namna ile popote, na karakana moja ilikuwa imeshamharibia nusu ya mzigo wa kwanza. "Kwa hiyo," alisema, na vioo vya ofisi vikatetemeka, "nitasimama pale pale mezani nikitazama. Na mlango utakuwa wazi. Ama sivyo naondoka na kitambaa changu."

Watu walimgeukia Fundi Mkuu. Miaka arobaini na moja mlango haujawahi kuachwa wazi. Jioni hiyo alijifungia, akatandaza tabaka arobaini za sufu nyekundu, akachora mstari wa chaki, akatoka akaenda zake bila kuaga.

Asubuhi kiongozi wa bendi alifika na wapigaji wake watatu. Karakana nzima ilijazana kwenye chumba cha kukatia. Hata mhasibu alitoka. Fundi Mkuu alisimama kando ya meza, mkono wa kulia ameuzamisha mfukoni.

"Mgongo wangu umekaza," alisema. "Akate huyu." Akamwonyesha Kushoto kwa kidevu.

Minong'ono ikaenea kama maji yaliyomwagika. Bosi akamtazama mzee, akamtazama Kushoto. Hata mpiga pasi akaacha kutafuna.

"Huyu ni nani?" aliuliza kiongozi wa bendi.

"Mkataji," alijibu bosi, na Mungu anajua ilimgharimu nini kulisema.

Kushoto akasogea mezani. Moyo ulimwenda mbio hadi akausikia masikioni. Tabaka arobaini, zilezile arobaini! Macho yote mgongoni, na vidole vikaanza kupoa, kwanza vidogo, kisha vyote. Akasema moyoni, haya, mgeni kafika. Karibu, kaa. Akazikandamiza nyayo sakafuni. Akatoa pumzi ndefu. Akatoa ya pili. Mtu akakohoa nyuma, naye akamkumbuka wifi, na nusura acheke. Akatoa ya tatu.

"Dada," alisema kwa sauti, na watu wakatazamana. "Sasa nakagua kiolezo. Mkono wa koti, mmoja, uko sawa. Nakagua chaki. Iko sawa. Nakagua tabaka."

"Tabaka zimetandazwa na Fundi Mkuu," alinong'ona bosi haraka haraka.

Na kweli, kukagua kitambaa kilichotandazwa na Fundi Mkuu ni kama kumuuliza babu yako kama amenawa mikono. Haikuwahi kufanyika. Kushoto wa mwaka jana angewasha mashine papo hapo ili yaishe. Lakini ulimi ulikuwa umeshatamka, na kidole kilikuwa njiani. Akainama, akapitisha kidole pembeni mwa rundo kutoka chini kwenda juu, akifunua ncha moja moja. "Uso kwa uso. Mgongo kwa mgongo. Uso kwa uso. Mgongo kwa mgongo." Sauti yake ilikuwa kavu lakini haikukatika. Alipofika katikati alisimama.

"Uso kwa mgongo," alisema.

Akafunua inayofuata. "Uso kwa mgongo." Akafunua nyingine, na nyingine. Kuanzia katikati kwenda juu zote zilikuwa zinatazama upande mmoja, nyekundu inayong'aa juu ya nyekundu iliyofifia, moja baada ya nyingine hadi kileleni.

Kushoto akainua macho, akakutana na macho ya Fundi Mkuu. Aliyaona yakijaa hofu, na hofu ile aliifahamu kama anavyofahamu sahani za nyumbani kwake.

Hapo angeweza kulipiza aibu yake. Neno moja tu, utani mmoja tu, na jina la Kushoto lingehamia kwa mwingine milele. Ulimi wake, mwepesi ule, ulishafika kwenye meno.

"Nasimama kidogo," alisema badala yake. "Kitambaa hiki ni kizito, kinahitaji kutandazwa upya kuanzia katikati. Mpiga pasi, njoo ushike ncha ile. Mzee, shika hii tafadhali, wewe ndiye unayejua kuivuta."

Fundi Mkuu akautoa mkono mfukoni. Ulikuwa unatetemeka wazi wazi. Akaishika ncha, na kitambaa kilipovutwa vizuri hakuna aliyejua tena ni mkono gani unaotetemeka na ni sufu gani inayotikisika. Wakatandaza. Kushoto akachora chaki upya, akakagua tena kwa kidole, akitamka, mpaka tabaka ya arobaini. Kiongozi wa bendi alikuwa amekunja mikono kifuani, na sasa, bila kujijua, midomo yake ilikuwa inamfuatisha: uso kwa uso, mgongo kwa mgongo.

"Dada," alisema Kushoto, "sasa nawasha."

Mashine ikanguruma. Kisu kikaingia kwenye nyekundu, naye akakiongoza polepole kwenye mpindo wa bega, akaitamka kona kabla hajaifikia, akaigeuza, akashuka na mstari wa chini. Hofu ilikuwa imekaa pale pale kwenye kiti chake, inatazama kama wengine. Akazima mashine. Akachukua kipande cha juu kabisa na cha chini yake, akaliendea lile jitu la kifua kipana, akauweka wa kulia kwenye mkono wake wa kulia na wa kushoto kwenye mkono wake wa kushoto.

Vigelegele vilivyotoka pale vilivuka barabara. Mpiga pasi alirukaruka kama aliyekanyaga pasi yake. Bosi alikaa chini, kwenye sakafu, na suti yake. Mmoja wa wapiga tarumbeta alilitoa tarumbeta lake kwenye mkoba akalipuliza papo hapo, na Kushoto alikuwa analia na kucheka kwa pamoja, anamkumbatia kila anayemfikia, mhasibu akiwemo. "Meza ni yako!" alipiga kelele bosi kutoka sakafuni. "Nasema ni yako!" Mama Pumzi hakuwepo, haikuwa Jumatano. Kushoto alimpigia simu akashindwa kusema lolote, na kule upande wa pili kicheko kikaelewa.

Watu walipotawanyika kurudi mashineni, alibaki kuzifunga tabaka kwa vitambulisho. Fundi Mkuu naye alibaki.

"Suruali sitini," alisema mzee ghafla.

"Nini, Mzee?"

"Mwaka wangu wa kwanza. Nilikata suruali sitini, miguu yote ya kulia. Bosi wa wakati ule alikuwa amenisimamia hapo ulipo wewe. Akanizaba kofi mbele ya watu." Aliongea akiitazama meza. "Baada ya hapo sijaweza kukata mtu akinitazama. Hata siku moja. Nikafunga mlango, watu wakaita heshima. Nikawaacha waite. Jana kufikiria tu mlango ukiwa wazi kulitosha kunikosesha tabaka."

Kushoto akaviweka vitambulisho chini. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini huyu aliyaficha miaka arobaini na moja, nyuma ya mlango, akakata maelfu ya makoti peke yake kama mfungwa. Na siku ya mikono arobaini alikuwa amekaa kimya, akamwacha mtoto wa watu aitwe Kushoto, wakati yeye mwenyewe alikuwa ndugu yake wa damu katika jambo hilo.

"Ungeniambia, Mzee," alisema, na sauti ilikuwa na uchungu, hakuuficha.

"Ningekuambia." Mzee akakubali kwa kichwa. "Nisamehe, mwanangu."

Kisha akaokota kipande cha mabaki mekundu, akakitandika mezani, akaupitisha mstari wa chaki, akachukua mkasi mkubwa wa zamani uliokuwa ukining'inia ukutani. Mkasi ulikuwa unagonga meza kwa kutetemeka.

"Kaa hapo," alimwambia, akimwonyesha kiti. "Nitazame."

Kushoto akaketi. Koridoni kulikuwa na viatu vinapita, na mpiga pasi alikuwa ameanza kuchungulia.

"Nifunge mlango, Mzee?"

Fundi Mkuu akatazama mlango. Akazikandamiza nyayo zake sakafuni, akatoa pumzi.

"Uache," alisema. "Hizo pumzi zenu, ni tatu au nne?"

"Tatu."

Akatoa ya pili, akatoa ya tatu, kisha akaanza kukata.